Shahada ya fiziolojia: pesa zitarudi, au tubadilishe kozi mapema?

Mjomba_Shela (Malindi)

Assalam aleikum wana baraza. Binti wa dada yangu amepata B ya jumla kwenye KCSE: baiolojia A-, kemia B, hisabati B-, fizikia C+, Kiingereza B+, Kiswahili A-. Kule KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, chaguo la kwanza ameweka shahada ya fiziolojia ya tiba, Nairobi, miaka minne. La pili ni uuguzi Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi, na la tatu sayansi ya maabara ya tiba Mombasa. Dirisha la kubadilisha machaguo halijafungwa.

Kozi anaipenda, hilo sina neno nalo. Ninalouliza ni la mfukoni. Akimaliza, ni nani hutoa tangazo la kazi likasema "anatakiwa mwenye shahada ya fiziolojia"? Yuko anayetwambia ni sawasawa na fiziotherapi, na yuko anayesema ni ngazi ya kupandia udaktari. Gharama nayo, tukijumlisha karo, chumba na nauli, itafika wapi? Mama yake mkopo wenye riba hataki hata kuusikia. Naomba majibu ya wanaojua, si ya "kila kozi ina riziki yake".

Maabara254

Waaleikum salaam Mjomba. Nianze na hilo la fiziotherapi maana ndilo linalowaponza wengi. Hizo ni kozi mbili mbali mbali. Fiziotherapi ni tiba ya viungo: aliyepigwa na kiharusi anafunzwa kutembea upya, goti lililofanyiwa upasuaji linarudishiwa mkunjo wake. Anayeifanya lazima asajiliwe na baraza la fani hiyo, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Fiziolojia ni elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima: neva na misuli, moyo na mishipa, figo, mapafu, homoni, uzazi. Ni msingi wa udaktari wote, lakini anayeisoma peke yake hana baraza linalomsajili wala leseni. Hawezi kutibu, hawezi kutoa dawa, hawezi kutia saini majibu ya maabara.

Hapo ndipo penye uzito wa swali lako. Muuguzi ana baraza lake, tabibu wa kliniki ana lake, mtu wa maabara ana bodi ya KMLTTB iliyowekwa na sheria ya 1999. Kaunti ya Kilifi au Lamu ikitangaza nafasi za afya, tangazo hufuata kada hizo, na sharti karibu la kwanza ni cheti cha usajili na leseni ya mwaka. Hospitali ya Malindi, King Fahd ya Lamu, kote ni hivyo. Mwenye fiziolojia hajakatazwa kuomba, ila fomu haina mahali pa kumweka. Hata kazi anazozimudu kabisa, kama kupima moyo kwa ECG au kupima pumzi, kwetu mara nyingi hupewa muuguzi au tabibu wa kliniki aliyefundishwa kifaa hicho kazini.

Udaktari: hapa Kenya fiziolojia si ngazi. Mwenye shahada hii akitaka MBChB, shahada ya udaktari, kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza kama mtoto aliyetoka shule juzi. Uvumi huo una vyanzo viwili. Marekani kwa kawaida huingii chuo cha udaktari bila shahada ya kwanza, kwa hivyo kule fiziolojia ni njia ya kawaida, na video za kwenye simu zinatoka huko. Chanzo cha pili kiko hapa hapa: mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi anaweza kusimama mwaka mmoja baada ya kumaliza wa pili, akachukua shahada ya fiziolojia, anatomia au baiokemia, kisha akarudi kwenye udaktari wake. Yule tayari yumo ndani. Binti yenu yuko nje ya mlango.

Msije mkadhani leseni ni ajira, lakini. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulikwenda siku 56, na kiini kimojawapo kilikuwa madaktari wanagenzi kupangiwa vituo na malipo yao. Leseni inakuwezesha kuomba tu.

HesabuKwanza

Mjomba, tufanye hesabu yote, kwa sababu wazazi wengi hukomea kwenye karo.

Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unamtia mwanafunzi aliyepangiwa na KUCCPS kwenye kikundi kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Gharama ya kozi inakatwa mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi), na sehemu ya familia. Kwa mgao wa vikundi vitano wa 2024, kikundi cha kwanza ni ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Cha tatu ni 50, 30 na 20. Cha tano ni 30, 30 na 40. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, kuanzia 60,000 kwa mwaka kikundi cha kwanza, ukishuka hadi 40,000 kikundi cha tano. Mfumo wenyewe umepita mahakamani: Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaizuia hukumu hiyo isitekelezwe. Kwa hiyo itakayofuatwa ni barua ya mgao atakayopewa binti mwenyewe. Mimi natumia namba za mfano ili muone mwendo wa hesabu.

Chukua kozi ya 240,000 kwa mwaka, kikundi cha tatu. Ufadhili 120,000, mkopo 72,000, familia 48,000. Mkopo wa kujikimu 50,000. Mkopo wote ni 122,000 kwa mwaka, yaani 488,000 kwa miaka minne. Sehemu ya familia 192,000.

Sasa maisha ya Nairobi. Weka chumba 7,000 kwa mwezi, chakula 9,000, matatu na vidogo vidogo 3,000. Hiyo ni 19,000 kwa mwezi, na miezi tisa ya masomo ni 171,000. Mkopo wa kujikimu ukiingia wote na kwa wakati (hauingii kwa wakati, wekeni akiba ya mwezi mmoja na nusu mwanzo wa kila muhula) bado kuna pengo la 121,000 kwa mwaka, 484,000 kwa minne. Nauli ya Malindi kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, nikikadiria 2,000 kwa safari moja, ni 8,000 kwa mwaka, 32,000 kwa yote. Kompyuta ya mkononi, koti la maabara, vitabu: 40,000.

Kinachotoka mfukoni kwenu basi ni 192,000 + 484,000 + 32,000 + 40,000, jumla 748,000. Deni la HELB 488,000 liko pembeni.

Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukilipa deni hilo kwa miaka kumi ni kama 4,950 kila mwezi. Ukitaka kulimaliza kwa miaka sita ni kama 7,650. Kuna mwaka mmoja wa kupumua baada ya kumaliza, halafu asiyelipa anatozwa faini ya 5,000 kwa mwezi, ambayo inapita hata lile fungu la miaka kumi. Muhitimu asiye na kazi aendelee kuwaandikia HELB. Akinyamaza, faini inajipanga juu ya faini, na siku akiomba kazi ya serikali ataulizwa cheti chao cha kutodaiwa.

Linganisheni na Kilifi. Malindi hadi pale ni kama kilomita 60. Hata akilala bweni, Ijumaa yuko nyumbani na Jumapili anarudi na chakula cha siku tatu. Pengo lile la 484,000 mnaweza kulikata nusu, na karo haijaguswa.

Jambo moja linabadilisha hesabu yote, na Maabara254 amelipita juu juu. Fiziolojia hulipa vizuri baada ya shahada ya pili. Kwa hivyo bajeti yake ni ya miaka sita au zaidi, na ile miwili ya mwisho haimo kwenye mgao huo wa ufadhili. Kama hamwezi kuiona miaka sita, hii minne msiipime kama kitu kinachojitosheleza.

MwambaoUtafiti

Maabara254 amesema kweli, lakini ameangalia wodini peke yake. Nyinyi mko Malindi, na saa moja na ushei kutoka kwenu kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust, kipo Kilifi tangu 1989, ukuta kwa ukuta na hospitali ya kaunti. Malaria, chanjo, utapiamlo na maradhi ya watoto wachanga huchunguzwa pale. Kazi nyingi za utafiti hazidai leseni ya baraza, maana mfanyakazi hatibu: anaratibu majaribio, anasimamia sampuli, anasafisha data, anafuatilia ubora. Tangazo husema "shahada ya sayansi za baiolojia au afya", na hapo fiziolojia inaingia bila kusukumwa.

Taabu ni kwamba baiokemia, mikrobaiolojia, afya ya jamii na zuolojia nazo zinaingia. Atakayesema "nimesoma moyo na figo" atakuwa mmoja kati ya mamia. Kinachomtoa kwenye rundo ni vitu vitatu vinne ambavyo chuo hakimpi vyote, na afadhali avianze mwaka wa pili.

Takwimu, kwanza. Programu ya R haina malipo na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Ajifunze kuingiza data yenye makosa, kuyatafuta makosa yenyewe (umri wa mtoto miezi 240, uzito ulioandikwa kwa gramu mahali pa kilo), na kuacha maelezo ya kila alichorekebisha. Wanaojua kuchora grafu ni wengi. Anayeweza kuonyesha kwa nini safu ya 312 ilibadilishwa ni adimu, na huyo ndiye anayetafutwa. Kisha cheti cha kanuni za majaribio ya kitabibu, GCP. Hupatikana mtandaoni, kwingine bila malipo, hakichukui wiki, na bila hicho hagusi jaribio lolote la dawa au chanjo. Na mazoezi ya kazini: barua za kuomba nafasi ya likizo ya mwaka wa tatu ziandikwe miezi minne au mitano kabla, zitaje mradi mahususi, ziambatane na matokeo ya muhula. Barua inayosema "niko tayari kufanya kazi yoyote" haisomwi.

Halafu daraja la shahada. Kwenye vyuo vyetu 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini. Huo mstari wa 60 ndio wa kukufa na kupona. Ufadhili mwingi wa shahada ya pili, za Jumuiya ya Madola zikiwemo, unataka la pili la juu au zaidi. Mwenye 58 amefunga milango ambayo mwenye 61 anaingia. Kwenye kozi yenye leseni mwenye 58 anasajiliwa sawasawa na mwenye 75, lakini fiziolojia haina msamaha huo, na mzazi anayeilipia ajue hivyo tangu siku ya kwanza.

Akifika na daraja hilo, kuna programu ya IDeAL pale Kilifi inayolea watafiti vijana, kuanzia mafunzo ya kazini, diploma ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya inayotolewa na Chuo Kikuu cha Pwani, mpaka uzamili (shahada ya pili) na uzamifu (ya tatu). Ushindani ni mkali. Lakini ni hapo hapo mwambao, na ni njia halisi.

Mlango wa pili ni kufundisha. Kila mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na meno lazima apite fiziolojia mwanzoni mwa masomo yake, na skuli za tiba nchini zimeongezeka. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za 2014 zinamtaka mhadhiri awe na uzamifu, na mwenye uzamili aanzie ngazi za chini yake. Madaktari wenyewe wengi hawataki kukaa darasani wakati kliniki inalipa zaidi, kwa hivyo nafasi zipo. Subira ndiyo bei yake.

Na uzamili hukwama, msidanganywe na "miaka miwili". Masomo ya darasani yanakwisha kwa mwaka. Tasnifu ndiyo inayovuta. Pendekezo lipite kwa msimamizi, liende kamati ya maadili, lirudi na marekebisho, liende tena, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kemikali za kupimia homoni zinaagizwa nje, zinakaa bandarini, na zikikaa nje ya baridi zimekufa. Anayechagua mradi unaotumia data iliyokwisha kukusanywa hupona na mengi ya hayo. Ni ushauri usiopendeza, lakini unaokoa mwaka mzima.

Maabara254

MwambaoUtafiti nakubali, na naongeza moja. Kabla ya kuamua, mtu aende idara yenyewe, au apige simu, aulize habari za maabara. Si "mna maabara?" Kila mtu atajibu ndiyo. Aulize kifaa kimoja kinatumiwa na wanafunzi wangapi kwa zoezi moja. Wanne ni kazi. Ishirini ni watazamaji.

Nitoe mfano wa ECG. Kipimo cha njia 12 kinatumia elektrodi kumi: nne za mikono na miguu, sita za kifuani. V1 inakaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kuliani mwa mfupa wa kidari, V2 mkabala wake kushoto. Karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, na milivolti moja inapanda milimita 10. Ukibadilisha waya wa mkono wa kulia na wa kushoto kwa bahati mbaya, njia ya I inageuka kichwa chini, na asiyejua anaweza kumwandikia mtu mwenye afya ugonjwa wa moyo. Aliyewahi kuweka elektrodi hizo kwa mkono wake hukagua waya kwanza. Aliyesoma kwenye slaidi huanza kutafuta ugonjwa.

Au spiromita ya kupima pumzi. Kabla ya kazi inapimwa usahihi kwa sindano kubwa ya lita 3, na ikitofautiana zaidi ya asilimia 3 haitumiki mpaka irekebishwe na kupimwa tena. Mgonjwa akipuliza kabla ya kujaza mapafu, au akikohoa sekunde ya kwanza, jaribio limeharibika, hata kama mashine imechapisha namba nzuri. Mkufunzi asiyewafundisha wanafunzi kulikataa jaribio baya anawafundisha kusoma tarakimu tu. Ukienda idarani ukakuta sindano hiyo haijulikani ilipo, umeshapata jibu.

Kaskazi_Leeds

Salamu kutoka baridini. Nijibu upande wa nje kwa sababu najua swali hilo halikosi kuja.

Uingereza kuna watu wanaoitwa wanafiziolojia wa moyo, wa mapafu, wa usingizi, na wanafanya kazi hospitalini. Lakini njia yao ya kawaida ni shahada ya sayansi ya huduma za afya, miaka mitatu yenye mazoezi ya hospitali ndani yake. Shahada ya fiziolojia tupu, hata ya chuo kikuu chenye jina, haimpi mtu kazi hiyo moja kwa moja. Anaweza kuomba mafunzo ya wanasayansi wa hospitali, ya miaka mitatu yenye mshahara na uzamili ndani, na yanataka daraja la kwanza au la pili la juu, au shahada ya pili. Nafasi ni chache, waombaji ni lundo.

Marekani wapo wanafiziolojia wa mazoezi, hupimwa na kupewa cheti na ACSM, chama cha tiba ya michezo cha huko, na wengine hufanya kazi ya kurudisha afya ya moyo baada ya upasuaji. Ile mishahara mnayoiona kwenye video ni yao. Cheti cha Nairobi hakigeuki kuwa hicho kwa kupanda ndege. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya pili, nao unataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, kwa hivyo si wa kuombwa na aliyemaliza mwezi jana.

BintiMkomani (Lamu)

Mjomba, kuhusu riba, dada yako hayuko peke yake, huku kwetu Lamu ndilo swali la kwanza. Kwenye ombi la fedha, ufadhili na mkopo ni vipengele viwili. Mwanafunzi anaweza kuutaka ufadhili akauacha mkopo. Ila muelewe maana yake kwa hesabu za HesabuKwanza: 488,000 zinahamia kwenu, mfuko wa familia unafika 1,236,000 kwa miaka minne. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa jimbo la ubunge, zinasaidia, lakini hutoka kwa mafungu madogo na hutaka fomu mpya kila mwaka. Wekeni tayari nakala za barua ya kukubaliwa, muundo wa karo wenye muhuri, kitambulisho cha mzazi na barua ya mzee wa mtaa. Fomu nyingi huanguka kwa sababu akaunti ya benki iliyoandikwa ni ya mwanafunzi na wao hulipa chuo. Mkopo wa jamaa usio na riba ni mzuri, uandikwe tu, na tarehe zake, hata kati ya ndugu wa tumbo moja.

Kwa familia isiyotaka mkopo wa riba, kozi ya karibu na nyumbani yenye leseni inashinda kabla ya kuangalia kitu kingine. Mimi naona hivyo.

Na msije mkajipa moyo kwamba akikosa yote atafundisha sekondari. TSC, tume ya kuajiri walimu, inataka masomo mawili ya kufundishia, angalau vitengo vinane vya kila somo kwenye shahada, C+ kwenye masomo hayo katika KCSE, na diploma ya uzamili ya ualimu. Fiziolojia itampa baiolojia ya kutosha. Kemia ndiyo haitatimia, maana huko wanasoma baiokemia tu, vitengo viwili vitatu. Mwenye nia ya darasa la sekondari achukue shahada ya elimu tangu mwanzo.

Mjomba_Shela

Mungu awajaze. Tumeyasoma sote watatu, na binti mwenyewe ameuliza moja: akichukua uuguzi Kilifi sasa, fiziolojia ameiaga moja kwa moja? Mama yake naye anauliza kama uuguzi wenyewe hauna mtego.

MwambaoUtafiti

Hajaiaga. Shahada za pili za fiziolojia hupokea hata wasiosoma fiziolojia kwanza. Wanaoziingia ni watu wa sayansi za afya wa namna nyingi, sharti linatofautiana chuo kwa chuo na limeandikwa kwenye ukurasa wa kozi. Muuguzi mwenye leseni anaweza kufanya kazi, akaweka akiba, kisha akaomba. Kule Kilifi muuguzi anayejua R huchukuliwa kabla hajafika tangazo la pili. Kinyume chake ndiko kugumu: kutoka fiziolojia kwenda uuguzi ni kuanza mwaka wa kwanza, karo mpya.

Maabara254

Mtego upo, na unahusu kozi zote zenye leseni. Chuo kukubaliwa na tume ya vyuo hakutoshi, kozi yenyewe iwe imeidhinishwa na baraza la fani. Kuna wahitimu waliomaliza maabara ya tiba bodi ikakataa kuwasajili kwa sababu chuo hakikuwa kwenye orodha yake wakati walipoingia. Orodha ya Baraza la Wauguzi na ya KMLTTB ziko kwenye tovuti zao, hakikisheni jina la chuo na la kozi neno kwa neno. Pia mhesabu mwaka wa uanagenzi baada ya ile minne, kwa hiyo ni mitano kabla ya kusimama peke yake.

Kisha fungueni ukurasa wake wa KUCCPS. Kila kozi inaonyesha pointi za kundi (hesabu ya alama za masomo ambayo kozi inayatazama) za mwisho zilizoingia mwaka jana, kati ya 48. Linganisheni na zake kwa uuguzi Pwani. Akiwa juu yake kwa pointi mbili au zaidi, ipandisheni iwe ya kwanza leo hii. Akiwa chini, maabara ya tiba ndiyo ipande, na fiziolojia ikae ya tatu. Na mkishabonyeza, pakueni ile risiti ya machaguo muiangalie upya msimbo wa kozi, maana chuo kimoja kinaweza kuwa na misimbo miwili inayotofautiana tarakimu moja, mmoja wa kampasi nyingine kabisa.